Pesa na hela za kale: Jinsi ya kusaka sarafu katika maonyesho ya Berlin bila kupunjwa

MKENYA hutafuta pesa kila uchao, naye jirani yake Mtanzania husema anatafuta hela. Ni wachache wanaokumbuka kwamba maneno hayo mawili yaliwahi kuwa majina ya sarafu halisi za shaba, zilizopigwa chapa ng'ambo na kuletwa kwa meli hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Neno pesa lilikuwa limekwisha kuvuka bahari kutoka Bara Hindi kabla ya Wajerumani kufika. Mnamo 1890, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ililichukua neno hilo na kuliandika juu ya sarafu yake ndogo ya shaba. Pesa 64 zilikuwa sawa na rupia moja. Mwaka wa 1904 serikali ya Ujerumani ilishika usukani na kuigawa rupia katika heller 100. Heller hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa hela katika vinywa vya Waswahili.

Leo hii pesa na heller hizo hazipatikani tena sokoni Tanga wala Bagamoyo. Mahali ambapo mtu anaweza kuziona zikiwa nyingi, zimepangwa mezani na kuwekewa bei, ni katika maonyesho makubwa ya sarafu ya Ulaya, hususan yale ya Berlin. Hata hivyo, anayeingia katika ukumbi ule pasipo maandalizi hutoka na mambo mawili: mkoba mtupu, na sarafu ambayo hakuikusudia.

Wazoefu wa ukusanyaji wa sarafu wana msemo wao kwamba kitabu hununuliwa kabla ya sarafu. Maana yake ni kwamba bei nzuri haipatikani kwa ujanja wa kubembeleza muuzaji. Hupatikana kwa sababu mnunuzi alijua, kabla ya kuondoka nyumbani, anachokitaka, kinavyopaswa kuonekana na kiasi ambacho hatakipita.

<b>Soko lenyewe</b>

Maonyesho yanayojulikana kama World Money Fair hufanyika Berlin kila mwaka, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, katika hoteli na kituo cha mikutano cha Estrel kilichoko barabara ya Sonnenallee. Yalianzia Basel, Uswisi, katika miaka ya sabini na kuhamia Berlin mnamo 2006. Hudumu kwa siku tatu.

Chini ya paa hilo hukutana makundi mawili yanayofanya biashara tofauti. Kundi la kwanza ni viwanda vya kupiga chapa sarafu vya mataifa mbalimbali pamoja na benki kuu, ambavyo huja kuzindua sarafu mpya za ukumbusho. Kundi la pili ni wafanyabiashara binafsi na kampuni za minada, wenye sarafu za kale za Wagiriki na Warumi, za falme za Ulaya, na za makoloni.

Mkusanyaji anayefuatilia historia ya Afrika Mashariki shabaha yake ni kundi hilo la pili. Katika vitabu vya Wajerumani, sarafu za koloni lao la Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa sehemu ya sarafu za Ujerumani yenyewe. Ndiyo maana mfanyabiashara wa kawaida wa Hamburg au Munich huwa na rupia chache kabatini, ilhali mwenzake wa nchi nyingine huenda hajawahi kuishika hata moja.

Sarafu za upande wa Kenya pia hupatikana, ingawa kwa uchache. Miongoni mwazo ni rupia ya Mombasa ya 1888 iliyotolewa na Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopigwa chapa Birmingham na yenye picha ya mizani. Zipo pia florini za 1920, zilizotumika kwa muda mfupi mno kabla ya shilingi kuanzishwa 1921, na ambazo nyingi ziliyeyushwa.

<b>Kazi huanzia nyumbani</b>

Kosa la kwanza la mgeni ni kutaka kila kitu. Ukumbi wenye mamia ya meza humlevya mtu, na kufikia saa sita mchana huwa amenunua vitu kumi visivyohusiana. Inafaa mkusanyaji ajiwekee mpaka: kwa mfano, sarafu za Ujerumani ya Afrika Mashariki pekee, au senti na shilingi za enzi ya Waingereza pekee.

Baada ya hapo aandike orodha yenye safu tatu. Safu ya kwanza iwe na jina, mwaka na herufi ya kiwanda cha sarafu anayoitaka. Ya pili ionyeshe hali ya chini kabisa atakayoikubali. Ya tatu iwe na bei ya juu asiyoweza kuipita hata akishawishika vipi.

Herufi ya kiwanda si jambo dogo. Heller na rupia za serikali ya Ujerumani hubeba herufi A, maana yake Berlin, au J, maana yake Hamburg. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinazofanana kama shilingi kwa ya pili huweza kutofautiana sana kwa bei kwa sababu ya herufi hiyo tu.

Kitabu kinachotegemewa na wauzaji wa Kijerumani ni kile cha Kurt Jaeger kuhusu sarafu za Ujerumani tangu 1871. Nambari zake ndizo lugha ya ukumbini. Mnunuzi akitaja Jaeger 728, muuzaji hujua papo hapo kwamba anaulizwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya Tabora. Wauzaji wa nchi nyingine hutumia zaidi nambari za katalogi ya Wamarekani iliyoanzishwa na kampuni ya Krause, ambazo hutanguliwa na herufi KM. Inafaa orodha ya mnunuzi ibebe nambari za vitabu vyote viwili.

Kuhusu bei, katalogi si msahafu. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu aliwahi kuilipa. Kampuni nyingi za minada huweka katika tovuti zao matokeo ya mauzo ya miaka iliyopita pamoja na picha, na kuyasoma hakuhitaji malipo. Mkusanyaji akitazama matokeo kumi ya sarafu moja, akilinganisha hali na bei, atajua zaidi kuliko yule aliyesoma bei moja tu katika kitabu.

Aidha, Makavazi ya Bode mjini Berlin yana hazina ya zaidi ya vitu nusu milioni vinavyohusu sarafu na nishani, na picha za maelfu ya vitu hivyo zimewekwa katika intaneti bila malipo. Kuzitazama kwa makini ni njia ya kulizoesha jicho sarafu halali ili lishtuke linapokutana na ya haramu.

Anayesafiri kutoka Kenya ana kibarua cha ziada. Viza ya Schengen huombwa si mapema zaidi ya miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Kipindi hicho pia ni cha baridi kali, na koti zito ni sehemu ya gharama. Nauli, malazi na chakula vitengwe kando kabisa na fedha za kununulia sarafu, la sivyo kimoja kitakula kingine.

<b>Vifaa vya mfukoni</b>

Mkusanyaji hahitaji begi kubwa. Kioo cha kukuzia chenye uwezo wa mara kumi, mizani ndogo ya kielektroniki inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu, kipimo cha upana na unene, daftari na kalamu vinatosha.

Mizani ndiyo shahidi asiyehongeka. Rupia ya fedha ya Kijerumani ilifuata kipimo cha rupia ya Bara Hindi, gramu 11.66. Ile ya rupia mbili, iliyotolewa 1893 na 1894, ni gramu 23.32. Rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ni takriban gramu 7.17. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1925 ni gramu 7.78, na robo tu ya uzito huo ndiyo fedha halisi. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo, lakini inayopungua sana, au inayozidi, ina maelezo ya kutoa.

Sumaku nayo husaidia, ila ina mipaka. Dhahabu, fedha na shaba hazivutwi na sumaku. Kwa hivyo sarafu inayonasa inapaswa kurudishwa mezani mara moja. Lakini isiyonasa haijathibitika kuwa halali, kwa sababu waghushi wengi hutumia madini yasiyovutwa. Kadhalika, ni adabu kumwomba muuzaji ruhusa kabla ya kupima. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, na anayekataa katakata amekwisha kujibu swali.

<b>Saa ya kwanza ni ya miguu</b>

Ramani ya ukumbi na orodha ya wauzaji hutolewa mapema. Afadhali mkusanyaji atie alama meza za wauzaji wa sarafu za Ujerumani na makoloni yake kabla ya kufika, ili asipoteze asubuhi akizunguka. Misururu mirefu ya asubuhi huwa upande wa viwanda vya serikali, ambako watu husubiri sarafu mpya. Asiyezihitaji apite.

Wazoefu hushauri kwamba mzunguko wa kwanza uwe wa kutazama na kuandika, si kununua: meza nambari fulani, sarafu fulani, hali fulani, bei fulani. Mara nyingi sarafu ileile hupatikana katika meza tatu kwa bei tatu tofauti, na aliyenunua kwenye meza ya kwanza hulia kivyake. Kuna jambo moja tu la kuvunja kanuni hii. Kitu adimu kilichomo kwenye orodha, kikiwa katika hali inayotakiwa na kwa bei iliyo chini ya kikomo, kisiachwe, kwa sababu hakitasubiri.

Vilevile, kilichoko kwenye kioo si vyote alivyo navyo muuzaji. Wengi huweka masanduku chini ya meza na vitabu vya kuhifadhia sarafu nyuma yao. Mgeni anayeuliza kwa upole iwapo kuna chochote cha Deutsch-Ostafrika huletewa vitu ambavyo mpita njia hakuviona.

Kuna pia suala la wakati. Asubuhi ya siku ya kwanza ndipo chaguo huwa pana, na ndipo wauzaji wenyewe hununua kutoka kwa wenzao. Alasiri ya siku ya mwisho meza zimepungua, lakini muuzaji anayefikiria uzito wa masanduku yake huwa mwepesi wa kushusha bei. Kwa sababu hiyo, kitu adimu hutafutwa siku ya kwanza na kitu cha kawaida hununuliwa siku ya mwisho. Ni busara theluthi moja ya fedha ibaki mfukoni hadi siku hiyo.

<b>'Nzuri sana' isiyo nzuri sana</b>

Mtego ambao huwanasa wageni wengi haumo katika sarafu bali katika lugha. Wauzaji wa Kijerumani hueleza hali ya sarafu kwa vifupisho. Herufi ss husimamia sehr schön, maneno ambayo tafsiri yake sisisi ni 'nzuri sana'. Mgeni akisikia hivyo hudhani sarafu haina dosari.

Ukweli ni kwamba ss ni daraja la katikati tu. Ni sarafu iliyotumika na kuchakaa waziwazi, ingawa sehemu kuu za picha na maandishi bado zinasomeka vizuri. Chini yake kuna s, yaani 'nzuri', ambayo ni sarafu iliyochakaa sana. Juu yake kuna vz, ambayo ina mchakao mdogo kwenye sehemu zilizoinuka. Kisha kuna st, ambayo haijawahi kutumika, na PP, ambayo si daraja la uchakavu bali ni sarafu iliyopigwa chapa kwa namna maalumu ili ing'are kama kioo.

Wamarekani wao hutumia nambari kutoka 1 hadi 70, utaratibu uliobuniwa na William Sheldon mnamo 1949. Kampuni za PCGS na NGC, zilizoanzishwa katika miaka ya themanini, hukagua sarafu, huipa nambari na kuifungia katika kasha gumu la plastiki. Kasha hilo humpunguzia mnunuzi mashaka, lakini lenyewe pia limewahi kughushiwa. Inafaa nambari iliyoandikwa juu yake ilinganishwe na kumbukumbu katika tovuti ya kampuni husika. Kwa simu, kazi hiyo ni ya dakika moja.

Tofauti ya daraja moja huweza kuongeza bei maradufu. Kwa hivyo mkusanyaji asikubali herufi iliyoandikwa kwenye kikaratasi bila jicho lake mwenyewe kuithibitisha. Aiinamishe sarafu huku na huku chini ya taa moja. Mng'ao halisi huzunguka juu ya uso wa sarafu kama mkono wa saa. Ile iliyosuguliwa hung'aa kote kwa pamoja, na chini ya kioo huonyesha mikwaruzo midogo iliyoelekea upande mmoja.

<b>Mifano mitatu ya kukumbuka</b>

Mfano wa kwanza ni riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana katika biashara ya Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki. Ni sarafu kubwa ya fedha ya gramu 28.07 na imeandikwa 1780. Mgeni akiona mwaka huo huamini ameshika kitu cha zaidi ya karne mbili. Lakini Maria Theresa alifariki mwaka huohuo wa 1780, na sarafu yake iliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ileile hadi nyakati zetu, si Vienna pekee bali pia Rome, London, Birmingham na Bombay. Nyingi zinazouzwa ni za karne ya 20, na thamani yake haipiti sana ile ya fedha iliyomo. Funzo lake ni kwamba tarehe si umri.

Mfano wa pili ni senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za 1936, zile zenye tundu katikati. Hubeba jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyetawala kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo kisha akang'atuka. Sarafu zenye jina lake zilizowahi kutumika ni za makoloni machache tu, hivyo muuzaji mwenye ulimi mtamu huweza kuisimulia hadithi hiyo hadi ndururu ionekane kama almasi. Ukweli ni kwamba zilitengenezwa kwa mamilioni na hupatikana kwa bei nafuu. Mfalme alikuwa adimu, lakini sarafu yake si adimu. Anayeipenda historia hiyo na ainunue, mradi asilipie hadithi.

Mfano wa tatu ni rupia 15 ya Tabora, na hapa mambo hugeuka. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia manowari za Uingereza zilifunga njia za bahari, na koloni la Wajerumani likakosa sarafu. Mwaka wa 1916 karakana ya reli mjini Tabora iligeuzwa kiwanda cha kupiga chapa. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa sarafu 16,198 tu zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na herufi T ya Tabora. Mnamo Septemba mwaka huohuo mji ukaangukia mikononi mwa Wabelgiji.

Sarafu hii ni adimu kweli, na ndiyo sababu imeghushiwa. Anayeitaka aanze kwa hesabu: dhahabu yake ni asilimia 75, hivyo ina takriban gramu 5.4 za dhahabu safi. Kwa bei ya dhahabu ya asubuhi hiyo, atajua kiwango ambacho hakuna muuzaji mwenye akili atakubali kukishuka. Tembo wa Tabora anayeuzwa kwa bei ya chini ya dhahabu yake si bahati bali ni onyo.

Baadaye akague ukingo. Sarafu ya bandia iliyomiminwa katika kalibu huacha mshono mwembamba ukingoni, vijitundu vya hewa usoni na herufi zilizovimba badala ya kuwa na makali. Pia atafute alama za kulehemu, kwa kuwa sarafu nyingi za fedha na dhahabu ziligeuzwa vidani na vishaufu. Iliyowahi kuvaliwa si bandia, lakini thamani yake imeshuka na bei sharti ishuke pia.

Asiyemudu dhahabu hajafungiwa mlango. Karakana hiyohiyo ilitengeneza heller tano na heller 20 za shaba, ambazo zilitolewa kwa wingi zaidi na kwa maumbo kadhaa yanayotofautiana katika taji na herufi. Kwa anayeanza hilo ni darasa zuri, kwa kuwa akikosea hatapoteza akiba ya mwaka mzima.

<b>Adabu za mezani</b>

Sarafu hushikwa ukingoni kwa vidole viwili, juu ya kitambaa au sinia, kamwe si usoni. Mnunuzi huomba kuonyeshwa moja, akairudisha, ndipo akaomba nyingine. Mkoba hauwekwi juu ya kioo. Muuzaji anayezungumza na mteja mwingine hakatizwi, na si uungwana kutaja mbele yake bei ya meza ya jirani.

Kupatana bei kunaruhusiwa, ila si kwa mtindo wa Gikomba ambako mtu huanzia theluthi ya bei iliyotajwa. Mbele ya muuzaji wa Berlin hatua hiyo huchukuliwa kama dharau na mazungumzo huishia hapo. Linalofaa ni kuuliza kwa heshima bei yake ya mwisho ni ipi. Punguzo la wastani hupatikana zaidi kwa anayenunua vitu kadhaa kwa pamoja na kulipa taslimu.

Muhimu zaidi ni stakabadhi. Iandikwe jina la sarafu, mwaka, herufi ya kiwanda, hali, bei, tarehe na jina la muuzaji. Kwa kitu ghali, muuzaji aandike kwamba anathibitisha uhalali wake na kwamba atakirudisha ikidhihirika vinginevyo. Ahadi ya mdomo hubaki Berlin mnunuzi anapopanda ndege.

Kampuni za minada huandaa mauzo katika siku zinazokaribiana na maonyesho. Hapo nako kuna hesabu inayosahaulika. Bei inayogongewa nyundo si bei ya kulipa, kwa sababu huongezwa ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 au zaidi. Kitu kilichogongwa kwa euro 1,000 basi huwa kimefika euro 1,200 hata kabla ya kodi na usafirishaji. Kikomo kilichoandikwa kwenye orodha kinapaswa kujumuisha yote hayo.

<b>Usalama na sheria</b>

Mnamo Machi 2017 wezi waliingia katika Makavazi ya Bode usiku na kuondoka na sarafu ya dhahabu ya Canada yenye uzito wa kilo 100. Haikupatikana tena hadi leo. Ikiwa makavazi yenye walinzi yalipoteza kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukibeba, msafiri mwenye sarafu nne mfukoni ana kila sababu ya kujihadhari. Asijitangaze hotelini wala kwenye treni, aondoe beji ya maonyesho anapotoka nje, na sarafu zikae katika mkoba wa mkononi.

Anayeingia au kutoka Umoja wa Ulaya akiwa na euro 10,000 au zaidi sharti azitangaze kwa forodha. Tangu 2021 hesabu hiyo hujumuisha sarafu zenye dhahabu ya asilimia 90 au zaidi. Anapowasili nyumbani atoe stakabadhi na kutangaza alichonunua.

Kuna pia vitu ambavyo havipaswi kuguswa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo tano kati yake ziliokotwa mwaka wa 1944 hadi katika kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia, ni ushahidi wa kiakiolojia. Kenya ina Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inayodhibiti utoaji wa vitu vya kale nchini, na tangu Juni 28, 2025 Umoja wa Ulaya hudai leseni kwa vitu vya kiakiolojia vya zaidi ya miaka 250 vinavyoingizwa kutoka nje. Sarafu ya aina hiyo isiyo na hati za asili yake iachwe mezani, hata ikiwa ya bei ya kutupa.

<b>Wasiosafiri</b>

Wengi hawatafika Berlin, lakini kanuni zilezile huwalinda wakiwa nyumbani. Kila mara huzuka uvumi kwamba sarafu fulani kuukuu ina thamani ya mamilioni, na kila mara pia yuko mpita njia anayenunua mkebe mzima wa sarafu za marehemu babu kwa bei ya chakula cha mchana. Wote wawili hutegemea ujinga wa mwenye mali.

Jambo la kwanza ni kutozisafisha. Majivu, ndimu na dawa ya meno huondoa kwa dakika mbili rangi ambayo sarafu iliipata kwa miaka mia moja, na thamani huondoka nayo. La pili ni kuzipima, kuzipiga picha pande zote mbili na kutafuta matokeo ya minada ya sarafu kama hizo. La tatu ni kuuliza wataalamu wawili au zaidi kabla ya kuuza hata moja.

Anayefanikiwa kununua anabakiwa na kazi moja ndogo jioni ile hotelini: kuandika kwa kila sarafu kikaratasi cha mahali, tarehe, muuzaji na bei, na kukihifadhi pamoja na stakabadhi. Miaka thelathini baadaye, mwanawe au mjukuu wake atakapofungua sanduku na kukuta tembo wa Tabora, kikaratasi hicho ndicho kitakachomjulisha alichoshika, ili naye asije akapunjwa.